Madaraja ya gharama nafuu yanavyoibua vijana wa mbio za pikipiki

Mbio za pikipiki kwenye njia ya lami ni mchezo wa gharama kubwa kwa mtoto anayetaka kuuanza. Familia hulazimika kununua pikipiki, matairi yanayoisha upesi, mafuta, vipuri na mavazi ya ngozi, kisha kulipia fundi na ada za uwanja. Kwa sababu hiyo vipaji vingi hupotea kabla ya kuonekana. Italia na Hispania, nchi mbili zilizotoa mabingwa wengi wa dunia katika miongo ya karibuni, zilikabiliana na tatizo hilo katika ngazi ya taifa, kwa kuanzisha mashindano ya vijana ambayo kanuni zake zinadhibiti gharama.

Pikipiki za dukani nchini Italia

Mfano mashuhuri wa Italia ni daraja lililoitwa Sport Production. Pikipiki zake zilikuwa za injini ya sentimita za ujazo 125, za aina iliyouzwa madukani kwa vijana kwa matumizi ya kawaida ya barabarani, na marekebisho yaliyoruhusiwa yalikuwa machache.

Valentino Rossi, aliyekulia Tavullia, alipitia njia hiyo. Alianza na magari madogo ya kart, lakini gharama za mchezo huo zilipopanda alihamia minimoto, yaani pikipiki ndogo sana zinazokimbizwa katika viwanja vya kart. Mwaka 1993 aliingia Sport Production akiwa na Cagiva Mito, na mwaka 1994 akatwaa ubingwa wa Italia wa daraja hilo. Miaka mitatu baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 125, ubingwa wa kwanza kati ya tisa alioupata maishani mwake.

Hispania: kuchagua na kuendeleza

Hispania iliongeza jambo la pili: mtu wa kuwatazama vijana na kuwashika mkono. Mwaka 1999 Alberto Puig, mshindi wa mbio za daraja la 500 huko Jerez mwaka 1995, alisimamia kombe la vijana lililodhaminiwa na kampuni ya simu ya Movistar. Miongoni mwa washiriki alikuwemo Dani Pedrosa, mwenye umri wa miaka 13, ambaye alikuwa akifikiria kubaki na mbio za baiskeli za milimani kwa kukosa uwezo wa kuendelea na pikipiki.

Pedrosa alimaliza msimu katika nafasi ya nane. Hata hivyo, Puig alimteua kuwa mmoja wa vijana watatu watakaoingizwa katika ubingwa wa taifa mwaka 2000. Mwaka 2003 Pedrosa alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 125, na mwaka 2004 na 2005 akatwaa ubingwa wa daraja la 250. Kama kigezo kingekuwa jedwali la pointi peke yake, huenda asingechaguliwa. Waliomchagua waliangalia kasi ya kujifunza, si matokeo tu.

Asia na Afrika

Mtindo huo ulienea. Red Bull Rookies Cup ilianza mwaka 2007 barani Ulaya, ikiwapa vijana waliopita mchujo pikipiki za KTM zinazofanana. Asia Talent Cup ilifuata mwaka 2014 kwa pikipiki za Honda. Somkiat Chantra wa Thailand, bingwa wa kombe hilo mwaka 2016, alikuwa Mthailandi wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia, huko Mandalika, Indonesia, mwaka 2022.

Kwa Afrika, jina linalotajwa zaidi ni Brad Binder wa Potchefstroom, Afrika Kusini, aliyepitia Red Bull Rookies Cup. Alitwaa ubingwa wa dunia wa Moto3 mwaka 2016, na mwaka 2020 huko Brno akawa raia wa kwanza wa Afrika Kusini kushinda mbio za MotoGP. Safari yake inaonyesha pia pengo lililopo: kijana wa Kiafrika hana budi kuihama nyumba yake mapema, kwa kuwa ngazi za juu ziko ng'ambo.

Jinsi usawa unavyolindwa

Katika makombe ya aina moja, washiriki wote hutumia pikipiki na matairi ya mtengenezaji mmoja, na hawaruhusiwi kuiongezea injini nguvu. Pale ambapo pikipiki za kampuni mbalimbali huchanganywa, kama ilivyokuwa katika Supersport 300 iliyoanzishwa mwaka 2017, waandaaji huweka uzito wa chini na kikomo cha mizunguko ya injini kwa kila aina. Mwaka 2018 Ana Carrasco wa Hispania alishinda daraja hilo kwa tofauti ya pointi moja, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika mbio za pikipiki za mtu mmoja kwenye njia ya lami.

Hatari ya msongamano

Usawa huo una upande wake wa hatari. Pikipiki zenye nguvu sawa haziachani. Kila mwendeshaji hujificha nyuma ya mwenzake ili kukwepa upepo, na kundi kubwa hufika kwenye kona kwa pamoja. Mmoja akianguka, walio nyuma yake hawana nafasi ya kumkwepa. Mwaka 2021 Hugo Millán, mwenye umri wa miaka 14, alifariki dunia huko Aragón, na miezi miwili baadaye Dean Berta Viñales, mwenye umri wa miaka 15, akafa huko Jerez.

Baada ya vifo hivyo Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, lilipandisha umri wa kuingia katika mashindano. Tangu mwaka 2023 umri wa chini katika ubingwa wa dunia ni miaka 18, isipokuwa kwa wachache waliofuzu kupitia mashindano ya vijana. Idadi ya washiriki katika baadhi ya madaraja pia ilipunguzwa.

Mahali pa kuanzia

Kwa nchi isiyo na njia kubwa ya mbio, mlango ulio karibu zaidi ni MiniGP, mfululizo wa mashindano ya kitaifa ulioanzishwa mwaka 2021 kwa watoto wa kuanzia umri wa miaka 10. Pikipiki zake ni za Ohvale, zenye injini ndogo, na mbio hufanyika katika viwanja vya kart. Wanaofanya vizuri katika nchi zao hupata nafasi ya kukutana katika fainali ya dunia. Shirikisho la taifa linalotaka kuanza halihitaji kujenga uwanja mpya. Linahitaji pikipiki chache zinazofanana, madaktari walio tayari kando ya njia, na makocha wenye subira ya kumtazama hata mtoto aliyemaliza nafasi ya nane.