Setilaiti iliona majani, wafugaji waliona mbu

Ukitaja picha ya dunia kutoka angani, wengi hukumbuka ile ya Apollo 17 ya Desemba 1972, Afrika ikionekana waziwazi. Nzuri sana kubandika ukutani. Lakini leo nataka tuzungumzie picha mbovu kuliko hiyo, zenye pikseli za kilomita nane, ambazo kwa watu wa Garissa zina uzito zaidi.

Mwishoni mwa 1997 El Nino ilimwaga mvua Kaskazini Mashariki mpaka barabara zikakatika na mifugo ikasombwa. Kisha watu wakaanza kufa wakivuja damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Watafiti walikadiria baadaye kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake waliambukizwa watu 27,500 hivi.

Mayai ya mbu wanaobeba virusi hivyo hukaa miaka kwenye udongo mkavu yakisubiri mafuriko. Setilaiti haimwoni mbu, ila inaona majani. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi. Chukua infraredi, toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya zote mbili: hicho ndicho kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI. Mstari mmoja tu wa programu! (Mimi nimewahi kuandika mia mbili kwa kazi ndogo kuliko hiyo.) Setilaiti za hali ya hewa za NOAA ya Marekani zilikuwa zikikusanya takwimu hizo tangu 1981. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao wakaonyesha katika jarida la Science kwamba ukiunganisha ukijani huo na joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, mlipuko unaweza kubashiriwa hadi miezi mitano kabla.

Mtihani ukaja 2006. Bahari zikapata joto tena, na tahadhari za kwanza zikatolewa Septemba. Novemba FAO nayo ikaonya. Mgonjwa wa kwanza aliugua Garissa tarehe 30 Novemba, maabara ikathibitisha Desemba 21, na chanjo ya mifugo ikaanza Januari. Yaani ubashiri ulikuwa sahihi, na chanjo bado ilifika baada ya mbu. Kufikia Machi 2007 Kenya ilikuwa na wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamekufa. Soko la mifugo la Garissa lilifungwa, na nyumba inayoishi kwa kuuza mbuzi ikakosa pesa ya unga.

Sasa sikia hili. Watafiti waliporudi kuwauliza wafugaji wa Kisomali, walikuta kwamba wazee walijua mapema. Waliona mvua isiyo ya kawaida, wakaona mawingu ya mbu, kisha kondoo wakaharibu mimba na kutoka damu puani. Wana jina lake kabisa, sandik, yaani pua yenye damu.

Kama mtu wa programu, hapo ndipo ninapokwama. Mfumo ule ulikuwa na mlango wa kupokea joto la bahari na mlango wa kupokea rangi ya majani. Mlango wa kupokea neno la mzee wa Ijara aliyeona mbu jioni ile haukuwepo.