Espérance, Godelive ao Plamedi: majina ya wasichana wetu yametoka wapi?

Katika familia nyingi za mashariki mwa Congo, mtoto msichana akizaliwa, jina la ukoo halileti shida. Babu ao bibi analo tayari. Kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, majina kama Masika, Kahindo ao Kavira yanaeleza nafasi ya mtoto kati ya ndugu zake. Mabishano yanaanzia kwenye jina la Kifaransa, lile ambalo wengi wanaliita prénom. Baba anataka Béatrice, mama anataka Divine, shangazi anapiga simu kutoka mji mwingine kusema Exaucée. Watu wanacheka, lakini jambo lenyewe lina historia ndefu, na katika historia hiyo mara nyingi mzazi hakuwa na neno la mwisho.

Majina ya ubatizo yalifika kwetu kabla ya Kifaransa. Mwaka 1491, kule magharibi, mfalme wa Kongo Nzinga a Nkuwu alibatizwa na mapadri Wareno, akaitwa João. Zaidi ya miaka 200 baadaye, msichana Kimpa Vita alihubiri kwamba Kristo ni wa Wakongo pia. Jina lake la ubatizo lilikuwa Beatriz. Alichomwa moto mwaka 1706. Béatrice tunayoiandika leo ni jina hilohilo, limevaa tu nguo ya Kifaransa.

Huku mashariki, Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kuanzia 1908 hadi 1960 inchi ilitawaliwa na Ubelgiji, na misioni ndiyo zilishika sehemu kubwa ya shule. Aliyetaka kubatizwa alipewa jina la mtakatifu kutoka kalenda ya Kanisa: Joséphine, Marguerite, Agnès, Véronique. Si yote yalikuwa ya Kifaransa kweli. Wamisionari wengi walitoka Flandre, upande wa Wabelgiji wanaosema Kiflamand, na walileta watakatifu wa kwao. Ndiyo maana huku Kivu tuna mama wengi wanaoitwa Godelive. Mtakatifu huyo ni wa Gistel, mji mdogo wa Flandre, aliyeishi karne ya 11. Huko wanaandika Godelieve.

Mfano unaoeleza vizuri kipindi hicho ni wa Mwenye Heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba, Haut-Uélé, mwaka 1939. Nyumbani aliitwa Nengapeta. Katika ubatizo alipewa Alphonsine. Alipopelekwa shuleni, aliandikishwa kwa jina la dada yake mkubwa, Anuarite, na jina hilo likabaki kwake. Alipokuwa sista aliitwa Marie-Clémentine. Mtu mmoja, majina manne, na lile ambalo dunia nzima inalijua liliingia kwa kosa la daftari. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa vita vya Simba.

Kisha serikali nayo ikaingia katika jambo la majina. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ilibadilishwa jina, ikawa Zaïre. Mwanzoni mwa 1972, chini ya siasa ya Authenticité, raia waliamriwa kuacha majina ya kigeni na kuchukua ya mababu. Rais mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Mapadri walionywa kwamba anayebatiza mtoto kwa jina la Ulaya anaweza kufungwa. Gazeti la kikatoliki Afrique Chrétienne lilisimamishwa, na Kardinali Malula alikaa miezi kadhaa uhamishoni Roma.

Si kila mtu alichukia amri hiyo. Kulikuwa na wazazi waliofurahi kuona jina la bibi yao limeandikwa peke yake kwenye karatasi ya serikali, bila kusimama nyuma ya jina la mzungu. Tangu wakati huo desturi ya postnom ilishika mizizi, na hadi leo haijaachwa. Ila amri ni amri. Jana ulikatazwa kubaki na jina la mababu peke yake mbele ya padri. Leo unakatazwa kubaki na Joséphine mbele ya afisa wa serikali. Watu walifanya kama wanavyofanya siku zote: kwenye karatasi waliandika moja, nyumbani na kanisani waliitana lingine.

Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri, kulekule Kinshasa. Kuanzia hapo mzazi mkatoliki aliweza kumpa binti yake jina la ubatizo lililozaliwa Congo. Chama kimoja kiliisha kwa hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, na majina yaliyofichwa yakaanza kutoka nje. Mei 1997 inchi ilirudia jina la Congo. Joseph-Désiré alikuwa ameondoka, na rais mpya aliitwa Laurent-Désiré.

Majina yaliyokuja baada ya hapo hayafanani na yale ya mapadri. Kalenda ya watakatifu haina tena nguvu kama zamani, hasa katika makanisa ya uamsho. Wazazi wanachukua neno la Kifaransa na kulifanya ombi ao shukrani: Grâce, Gloire, Merveille, Exaucée, Bénédicte. Plamedi ni ufupisho wa « plan merveilleux de Dieu », yaani mpango wa ajabu wa Mungu. Usiende kulitafuta katika kalenda ya Ufaransa. Ni jina la Wakongo, lililotengenezwa na Wakongo kwa Kifaransa chao. Tena majina mengi ya aina hiyo yana ndugu katika Kiswahili: Grâce ni Neema, Espérance ni Tumaini, Joie ni Furaha. Familia iliyokimbia vita inapomwita mtoto Espérance, haiigi wazungu. Inasema neno ambalo ingesema katika lugha yoyote.

Kwa hiyo kati ya Béatrice na Divine hakuna jina baya. Shida ya leo iko kwenye maandishi. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto kwenye état civil. Zikipita, wanapaswa kutafuta hukumu ya tribunali, na hiyo inachukua muda na gharama. Kwa familia iliyohama, siku 90 zinaisha haraka. Tena jina linabadilika njiani: kwenye karatasi ya hospitali ni Espérance, kwa katekista ni Esperansi, shuleni ni Esperance, na kwenye orodha ya msaada limebaki jina la ukoo peke yake. Mama aliyesoma wakati wa Zaïre anaweza kuwa na diploma isiyo na prénom, wakati karata yake ya uchaguzi inayo. Siku ya kuthibitisha urithi, shamba ao mtihani wa serikali, anaulizwa kama hao ni mtu mmoja ao wawili.

Padri alichagua, shule ikakosea, serikali ikafuta. Leo mzazi ndiye anachagua, na hiyo si zawadi ndogo. Kwanza mkubaliane jina ambalo nyinyi wenyewe mnaweza kulitamka na kuliandika. Kisha liandikeni kwenye kipande cha karatasi, herufi kwa herufi, jina, postnom na prénom kwa mpangilio uleule, na mkionyeshe kipande hicho hospitalini, kanisani, kwenye état civil na shuleni. Kisikae katika mfuko utakaosahaulika siku ya kukimbia. Mtoto ataweza kupoteza nyumba na kijiji, lakini jina lake lisipotee pamoja navyo.