Chipu haijafa, imekosa mapigo

Nimekuwa kimya wiki nzima, mtanisamehe. Projekti ilinitoa jasho.

Jumanne usiku, siku mbili kabla ya kuwasilisha, nilikuwa nabadili fyuzi za ATmega8 yangu. Kwa haraka zangu nikachagua mapigo ya nje. Chipu ikagoma papo hapo, hata programa haikuiona tena. Pesa ya kununua nyingine sina. Rumeti akaitazama, akasema, "Hiyo maiti, kazike."

Basi bwana, kilichoniokoa ni historia.

Prosesa kwa kawaida hutembea kwa mapigo ya saa. Yasipokuwepo, inakaa tu. Intel 4004 ya mwaka 1971 haikuwa na chanzo cha mapigo ndani yake. Ilibidi uiletee kutoka nje, tena mapigo ya mistari miwili yanayopokezana, hadi mara 740,000 kwa sekunde. 8080 ya mwaka 1974 nayo ilikuwa hivyohivyo. Intel wakaitolea chipu msaidizi, 8224. Ukiipa kristali ya megahezi 18, inagawa kwa 9, prosesa inapata megahezi 2. Yaani chipu nzima kazi yake kuu ni kumhesabia mwenzake hatua!

Mwaka 1976 mambo yakabadilika. 8085 ikaja na sakiti ya mapigo ndani, na maikrokontrola 8048 ya mwaka huohuo vilevile. Kazi yako ikabaki kufunga kristali kwenye miguu miwili. Baadaye zikaja AVR, ambazo wazo lake lilianzia kwa wanafunzi wawili wa chuo huko Trondheim, Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan. Jamani, wanafunzi kama sisi! ATmega8, mmoja wa ukoo huo, hata kristali haidai. Inatoka kiwandani ikijipigia yenyewe megahezi 1.

Ila mlango wa zamani haukuzibwa. Mapigo ya nje bado yanahitajika pale unapotaka chipu kadhaa ziende kwa hatua moja, au unapotaka usahihi ambao chanzo cha ndani hakiwezi kuutoa. Mimi niliufungua mlango huo bila kujua. Chipu yangu ikarudi enzi za 4004, ikakaa inangoja wa kuihesabia. Na bila mapigo haiwezi hata kuisikia programa, ndiyo maana ikaonekana imekufa.

Nikaazima ATmega8 nzima kwa jamaa wa chumba cha jirani. Nikaipa programu fupi, taima yake itoe mapigo laki tano kwa sekunde. Nikavuta waya hadi mguu wa 9 wa ile "maiti", yaani XTAL1, na ardhi zao nikaziunganisha. Kisha nikapunguza spidi ya programa iwe chini ya robo ya mapigo hayo, maana ikizidi hapo chipu haifuati. Saa nane usiku nikabonyeza kitufe, mkono unatetemeka.

Ikajibu! Nikarudisha fyuzi mahali pake, nikatoa waya, ikaendelea yenyewe.

Alhamisi niliwasilisha, na taa zote ziliwaka. Chipu ya watu nimerudisha, na rumeti sasa ananiita daktari. Kwa hiyo mwenye "maiti" kwenye droo asiitupe kwanza. Alete chumbani tuipigie mapigo.

Tuonane wiki ijayo, umeme ukiwepo.