Fazi, au mkwaruzo wa gitaa

Mpenzi wa roki ya miaka ya 1960 akishawamaliza Rolling Stones na Hendrix, mara nyingi hurudia santuri zilezile. Hudhani anapenda kipindi, kumbe kilichomnasa ni mlio: gitaa lenye kukwaruza, linalovuma kama nyuki ndani ya debe. Wapigaji huuita fazi. Anayeujua mlio huo kwa jina anaweza kuufuata kokote ulikokwenda, na ulikwenda mbali.

Ulizaliwa na ubovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, mtambo wa studio ukaharibika na besi ikatoka inakoroma. Wakaiacha hivyohivyo. Fundi wa sauti Glenn Snoddy akauiga ubovu ule kwa transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaingiza sokoni kanyagio la Maestro Fuzz-Tone. Wanunuzi walikuwa haba mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipolitumia katika wimbo "Satisfaction". Naye alidhani anaweka alama tu, sehemu ile ije ipigwe na matarumbeta.

Ndani ya kanyagio, mawimbi ya umeme yanayotoka kwenye gitaa hukuzwa kupita uwezo wa transista. Vilele vyake hukatwa, na wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo hukaribia kuwa mraba. Kukatwa huko huzaa sauti za juu ambazo uzi wenyewe haukuzitoa kwa nguvu hiyo. Noti nayo huchelewa kufa, kwa sababu hata inapofifia bado hukuzwa hadi kimo kilekile.

Kwa Kiswahili tuiiteje? "Upotoshaji wa sauti" silitaki: hilo ni neno la mahakamani na la wanasiasa wanaoshutumiana, na mpiga gitaa hajampotosha mtu. "Mkwaruzo" linafaa zaidi, ila tayari tunalitumia kwa santuri iliyochakaa. Basi mlio uwe "mkwaruzo wa gitaa", na kifaa kiwe "kanyagio la fazi".

Sasa tuufuate mkwaruzo huo hadi Zambia, ulikostawi katika miaka ya 1970 kwa jina la Zamrock. Mwimbaji wa bendi ya WITCH, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ilichukua jina la wenyeji la maporomoko ya Victoria, na msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuuona moshi ndani yake. Bendi hiyo ilifanya kazi Nairobi pia. Kisha bei ya shaba, tegemeo la Zambia, ikaporomoka, uchumi ukayumba, na baadaye Ukimwi ukawaua wengi wa wanamuziki wa Zamrock. Santuri zao zilibaki mikononi mwa wakusanyaji wachache hadi kampuni kama Now-Again ya Los Angeles zilipozitoa upya. Jagari yu hai, na mwaka 2023 WITCH walitoa albamu mpya, Zango.

Wa kuanza nao ni bendi ya Amanaz ya Zambia, kwa albamu yao Africa ya 1975. Mkwaruzo wake ni mzito na hauna haraka, na kwa masikio yangu unazishinda santuri nyingi za London zilizoutangulia.