Modemu na Linux Chini ya Milima ya Uluguru

Kabla ya mkonga wa mawasiliano, intaneti ilifika Morogoro kwa waya ule ule wa simu ya mezani. Sheria za mwaka 1993 zililigawa Shirika la Posta na Simu, na huduma ya simu ikaangukia kampuni ya TTCL. Katikati ya miaka ya 1990 watoa huduma wa intaneti walianza kazi Dar es Salaam. Modemu iligeuza data kuwa sauti, na modemu ya upande wa pili ikaigeuza kuwa data tena. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 kilifikia biti 56,000 kwa sekunde. Hata kwa kasi hiyo kamili, megabaiti moja ilichukua karibu dakika mbili na nusu.

Mwenye kompyuta mpakato ya Linux alikuwa na mzigo wa ziada. Modemu nyingi za ndani zilikuwa nusu chombo: kazi ya kufasiri sauti iliachiwa programu, na programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya Windows. Tiba ya uhakika ilikuwa modemu ya nje iliyochomekwa kwenye tundu la siriali, ambalo Linux huliita /dev/ttyS0.

Hitilafu ilitafutwa kwa kupanda ngazi, kuanzia kwenye waya. Simu ya kawaida ilichomekwa ukutani na kusikilizwa. Mkwaruzo sikioni mara nyingi ulimaanisha unyevu kwenye viungio vya shaba, jambo la kutarajiwa chini ya Milima ya Uluguru, inayopokea pepo za mvua kutoka Bahari ya Hindi. Radi ilipokaribia, modemu ilichomolewa.

Ngazi ya pili ilikuwa modemu yenyewe. Katika programu ya minicom iliandikwa amri ya AT. Jibu la OK lilithibitisha kuwa modemu inasikia. Ukimya ulielekeza kwenye tundu lisilo sahihi, ruhusa au kiendeshi. Jibu la NO DIALTONE wakati simu ina mlio lilionyesha kuwa modemu haiutambui mlio wa kituo. Amri ya ATX3 iliifanya ipige bila kuusubiri.

Ngazi ya tatu ilikuwa jina na nywila, vilivyohifadhiwa katika faili la pap-secrets. Ya mwisho iliwachanganya wengi: simu imeshika, lakini kurasa hazifunguki. Anwani za namba zikiitika huku majina yakigoma, kosa lilikuwa katika faili la resolv.conf. Namba nazo zikigoma, mara nyingi njia kuu ya data ilikuwa bado imeelekezwa kwenye kadi ya mtandao wa ndani.

Mkonga wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, na simu za mkononi zilipoenea, waya wa shaba ulipoteza wateja. Amri za AT zilibaki: modemu za USB zilizofuata zilizipokea zile zile, ila namba iliyopigwa sasa ilikuwa *99#.