NGC 1068

NGC 1068 (pia Messier 77) ni galaksi hai katika kundinyota la Ketusi, umbali wa takriban miakanuru milioni 47. Iligunduliwa na Mfaransa Pierre Méchain mwaka 1780. Kitovuni mwake kuna shimo jeusi kubwa linalofyonza gesi; kabla ya kumezwa, gesi hiyo hupata joto kali na kung'aa mno.

Vumbi la kitovuni

Mwanga huo haufiki kwetu moja kwa moja, kwa kuwa umezibwa na pete nene ya vumbi. Mwaka 1985 Robert Antonucci na Joseph Miller waliupata kwa njia ya pembeni: walichunguza mwanga uliopolarishwa, yaani ule uliogonga chembe zilizo nje ya pete na kuakisiwa, wakaona ndani yake alama za gesi inayokwenda kasi sana. Ugunduzi huo ni nguzo ya nadharia kwamba aina nyingi za galaksi hai ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande tofauti.

Uchunguzi wa infraredi

Vumbi lenye joto hutoa miali ya infraredi. Kifaa cha MATISSE, kilichopo Paranal nchini Chile, huunganisha miali kutoka darubini nne, kila moja ikiwa na kioo cha mita 8.2, ili zione kama darubini moja kubwa. Matokeo yake ya mwaka 2022 yalionyesha vumbi lenye joto tofauti, hadi nyuzi 1,200 za Selsiasi hivi, na kubainisha mahali shimo jeusi lilipojificha.