Mizuka ya Jumba la Dunga

Katika kisiwa cha Unguja, kwenye njia itokayo mjini kwenda Chwaka, pako mahali paitwapo Dunga. Hapo yamebaki magofu ya jumba alilokaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Wahadimu. Jumba lilijengwa katikati ya karne ya 19, zama za Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, wakati ambapo Seyyid Said wa Omani alikwisha kuufanya mji wa Unguja kuwa makao yake. Kwa hiyo kisiwa kimoja kilikuwa na mabwana wawili: mmoja mjini pwani, mwenye merikebu na forodha, mwingine shamba, mwenye ngoma na siwa.

Wenyeji husimulia kwamba jumba hilo lina mizuka. Inasemwa kuwa wakati wa kujenga, watumwa walichinjwa ili damu yao ichanganywe na chokaa, kuta zipate kusimama imara. Inasemwa pia kuwa usiku husikika vilio, na kwamba zile ngoma za enzi zilikuwa zikilia zenyewe, pasipo mkono wa mtu, kila nchi ilipokaribiwa na balaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, jumba likiwa limekwisha kuwa gofu, habari zilienea kuwa pameonekana mifupa ya watu, na kisima kilichojaa mifupa hadi nusu. Major F. B. Pearce, aliyekuwa Mkazi wa Uingereza katika Unguja tangu 1914 hadi 1922, aliziandika habari za Dunga katika kitabu chake cha 1920, na tangu hapo hapana mwandishi wa safari apitaye Unguja asizirudie.

Mwalimu afanyeje na hadithi kama hizi? Wako wenzetu wazitupao kuwa ni ushirikina, na wako wazisomeshao kana kwamba ni tarehe iliyothibitika. Mimi siwaafiki hawa wala wale.

Tuanze na damu ya ukutani. Masimulizi ya namna hii hayako Dunga peke yake. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, nalo husimuliwa kuwa chini ya nguzo zake wamezikwa watumwa. Hadithi ikiandama kila jumba kubwa, twapaswa kuwa na hadhari kuitumia kama ushahidi wa jumba moja. Tena, mafundi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na udongo mwekundu huacha rangi ambayo mtu mwenye hofu hahitaji kuambiwa mara mbili ni ya nini. Lakini hadithi isipothibitika haiwi kwamba haina kitu ndani yake. Majumba yale yalijengwa kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Watoto wao hawakuachiwa hati wala kaburi. Waliachiwa kilio cha usiku. Naona kuwa huo ndio uzito wa hadithi ya damu, na mwanafunzi akiupata huo amepata kitu cha maana.

Jambo moja sharti tulitazame kwa jicho kali. Afisa wa kikoloni alipoandika juu ya mtawala Mwafrika mwenye kiu ya damu, habari hiyo ilimfaa: kadiri Mwinyi Mkuu alivyoonekana katili, ndivyo utawala wa Mwingereza ulivyoonekana rehema. Wahadimu wenyewe walikuwa na hadithi ya namna nyingine kabisa juu ya mtu huyo huyo. Husimulia kwamba Seyyid Said alimhamishia Lamu, mvua ikakatika Unguja miaka mitatu, hata ikambidi amrudishe. Aliporudi, mvua ikanyesha. Huyu hasimuliwi kama mchinjaji hata kidogo, ni mwenye nchi ambaye ardhi yenyewe yamtambua. Ngoma zinazolia zenyewe zatokana na mapokeo haya ya pili. Sisi wa nchi za maziwa makuu, tuliokua tukisikia habari za Karyenda ya Burundi na Kalinga ya Rwanda, hatushangai tukiambiwa kuwa ngoma ya mfalme si chombo cha kuchezea, na kwamba mfalme huondoka ngoma ikabaki. Mtalii huita hayo mizuka, nasi twayajua kuwa ni madai ya haki ya kutawala.

Muhammad alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alimfuata mwaka 1873, inaelezwa kwa ugonjwa wa ndui, bila kuacha mrithi wa kiume, na enzi ya Mwinyi Mkuu ikakoma. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hivyo bwana wa jumba na soko la watumwa viliondoka pamoja, na jumba likaachwa kwa mvua, mizizi na masimulizi.

Ngoma na siwa zilichukuliwa zikawekwa katika jumba la makumbusho mjini. Kuta za Dunga, hata hivyo, hazikuhamishika, wala kisima.